Upatu wa Usingizi

Siku niliyopokea chungu nilikuwa Kulwa. Katika yote nitakayoyasema, hilo ndilo ninalolishika kwa nguvu zaidi, na hata hilo huniteleza. Nilikuwa Kulwa mbeba matofali, mume wa Zaina, pacha wa Doto. Mimi nilitangulia kuzaliwa, Doto akafuata. Ndivyo alivyotuambia mama mpaka alipofariki. Lakini mama alikuwa na macho mekundu yaliyochoka, kama watu wote wa mji ule, na mtu mwenye macho ya namna hiyo aweza kumnyonyesha mtoto mmoja mara mbili na kumwacha mwenziwe akilia. Pengine tulichanganywa tangu hapo. Sijui, na aliyejua hayupo.

Mji ule haukulala. Hakuna aliyetukataza. Usingizi ulikuwa mali, na ni mwenda wazimu gani anayekula mali yake kila siku? Kope zikianza kuwa nzito, ulichukua kibuyu chako, ukakitia mdomoni, ukapiga mwayo ndani yake, ukakiziba haraka kwa gunzi la muhindi. Usingizi ulibaki mle. Wewe ulibaki na kichwa kinachovuma, ukarudi kazini. Usiku ulikuwapo zamani, wazee walisema, lakini watu waliuacha kwa kuwa haukuwa na matumizi, na jua likasimama mahali pamoja juu ya tangi la maji, halipandi wala halishuki. Tulisema asubuhi na jioni kwa mazoea tu, kama mtu anavyoendelea kumwita mbuzi aliyekwisha kuchinjwa.

Na kazi yenyewe? Tulibeba matofali kutoka ukuta uliokuwa ukibomolewa upande mmoja wa mji, tukayapeleka kwenye ukuta uliokuwa ukijengwa upande wa pili. Niliwahi kumwuliza msimamizi ukuta huo unazuia nini. Akanitazama kwa huruma, akasema, “Wewe fanya kazi, utastaafu, ndipo uulize.” Nikaona ana hoja. Kila mtu mle mjini alikuwa na swali alilolitunza mpaka atakapostaafu.

Kustaafu kulikuwa na njia moja, nayo ni upatu. Majirani walikusanyika kila siku ya soko kwa Bi Mwanamvua, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye ndiye aliyekuwa kijumbe wetu, msimamizi wa upatu. Kila mmoja alimwaga kibuyu chake ndani ya chungu kikubwa, naye akakifunika kwa kawa. Chungu kikijaa, kilipewa mwenye zamu. Huyo alikwenda kwake, akakifungua, akaulala usingizi wote wa watu wote kwa mkupuo mmoja, na alipoamka alikuwa mstaafu. Alihamia Mtaa wa Mikeka, kwenye baraza pana na vivuli, akakaa na macho yake meupe, na wazee waliokuwa bado wakibeba matofali wakampa shikamoo hata kama ni kijana mdogo. Aliyepokea aliendelea kuleta kibuyu chake, ndiyo sheria ya upatu. Lakini mtu aliyelala akashiba hupiga miayo ya adabu tu, isiyo na kitu ndani.

Zamu zilipangwa kwa vikaratasi vilivyokunjwa, vikatiwa kwenye ungo. Hapo ndipo palipoanza mchanganyiko wangu wote. Mimi nilikuwa mtu wa nidhamu tangu utoto. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ungo ulipofika kwangu, karatasi iliyokuwa juu iligusa kidole changu, ikaning’ang’ania kwa jasho. Nikaikung’uta. Nikainama, nikapekua mpaka chini kabisa, nikaitoa ile iliyojificha, kwa sababu cha juu huchukuliwa na wavivu. Doto alikuwa amesimama nyuma yangu akisinzia wima. Akachukua ile niliyoikung’uta. Yake ilikuwa zamu ya kwanza. Yangu ilikuwa ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho kabisa ilimwangukia Zaina.

Sasa niambieni. Ile ilikuwa bahati yake, au nidhamu yangu? Ningekuwa mvivu kidogo siku ile, ningestaafu kijana. Nimeligeuza jambo hili kila upande na kila upande linanicheka. Hata nidhamu yenyewe, niliipata wapi? Nilizaliwa na kope nyepesi. Doto alizaliwa na kope nzito, akishika toroli anasinzia, akipewa uji anasinzia. Kama kope ni za kuzaliwa nazo, basi mimi nilijisifu miaka yote kwa kitu nilichookota njiani, na yeye walimpiga viboko kwa kitu alichopewa. Tulikuwa na mazoea ya kusema haba na haba hujaza kibaba. Hatukuuliza kibaba kikishajaa nani anakibeba.

Basi nilijinyima. Hilo nalisema kwa fahari na sioni haya. Nilitafuna tangawizi mbichi mpaka ulimi ukafa ganzi. Sikuegemea ukuta. Sikula ugali wa moto mchana, kwa kuwa ugali wa moto huleta usingizi kabla ya wakati, nao ukija hovyo humwagika nje ya kibuyu. Mama yake Zaina alipofariki, watu walijilaza mikekani matangani kama ilivyo desturi, mimi nikasimama nje juani mpaka siku zikaisha. Zaina alitaka mtoto. Nikamwambia tukishapumzika tutazaa, kwa sasa mtoto ataimbiwa wimbo wa kubembeleza, na wimbo huo utatulaza wote bure. Akasema haya. Alikuwa na namna yake ya kusema haya, fupi, halafu akageukia chungu chake cha mboga.

Siku hiyo ya kupokea tulitoka nyumbani mimi na Zaina, tukapita Mtaa wa Mikeka, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda kwa Bi Mwanamvua. Doto alikuwa barazani, amevaa kanzu, akiwafundisha watu. Siku hizo alikuwa mwalimu. Wabeba matofali walikuja wakiwa na mavumbi yao, wakakaa chini wakimsikiliza, wengine wakipiga miayo kwenye vibuyu huku wakitikisa kichwa kukubali.

“Siri ni moja tu, ndugu zangu,” Doto alikuwa akisema. “Nidhamu! Watu wataniambia, aa, Doto ulibahatika. Bahati gani? Mimi nimetafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Ugali wa moto mchana sikuujua. Nimesimama juani nje ya matanga ya mama mkwe wangu, watu wote wamejilaza, mimi nimesimama! Nani kati yenu amesimama hivyo?”

Wakaguna kwa kustaajabu. Zaina akanishika mkono.

“Mama mkwe wake nani?” akaninong’oneza. “Doto hajaoa.”

Hasira zikanipanda. Nikapenya katikati ya watu mpaka mbele. “Doto! Wewe ulichukua karatasi ya juu.”

“Karatasi gani, kaka?”

“Ya kwanza. Ukiwa umesinzia. Mimi ndiye niliyesimama kwenye yale matanga!”

Akanitazama, na kilichonitisha ni kwamba hakuwa na macho ya mtu mwongo. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. “Kulwa, ndugu yangu, nakumbuka jua lile lilivyonichoma hapa shingoni. Nakumbuka nilivyokuwa nikisikia vilio ndani na nisiweze kuingia. Unaniambia sikuteseka? Hayo mateso yalikuwa ya nani basi, kama yamo humu kifuani mwangu?”

“Mwache mwenzio,” mzee mmoja akanikemea kutoka chini. “Wivu tu huo. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.”

“Nani anayelala hapa, mzee?” nikamjibu, na watu wachache wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, nikatamani nisingeelewa. Ndoto hukaa ndani ya usingizi, na siku za mtu hukaa ndani ya ndoto zake. Kila mwayo nilioutia chunguni ulikuwa umebeba siku yangu moja. Chungu cha kwanza kilijaa miayo yangu, na Doto akailala yote. Na baada ya hapo aliendelea kuonja vyungu vya wengine, kwa kuwa wastaafu hualikana wao kwa wao kama watu wanavyoalikana kwenye pilau. Hakuwa akiiba maisha yangu. Alikuwa ameyalala kihalali, kwa zamu yake.

Kisha akamgeukia Zaina, sauti ikalainika. “Shemeji, unakumbuka siku ile tunakibeba kitanda kutoka kwa seremala, mvua ikatukuta njiani? Ukakiweka chini, ukapanda juu yake katikati ya barabara, ukasema, haya, nyumba ndiyo hii, karibu ndani.”

“Huyo hakuwa wewe, shemeji,” Zaina akasema.

“Najua sikuwa mimi.” Akafuta uso kwa upindo wa kanzu. Alionekana amechanganyikiwa kuliko mimi. “Najua. Lakini naiona miguu yako ilivyokuwa na tope. Nifanyeje nisiione?”

Nikaitafuta siku hiyo kichwani mwangu. Nilijua kitanda kipo nyumbani, kwa hiyo lazima kiliwahi kubebwa. Nikatafuta mvua, nikatafuta barabara, nikatafuta miguu ya mke wangu. Palikuwa na harufu ya tangawizi tu. Nikaogopa sana. Niliona wivu pia, wivu wa kweli, wa mume, kwa ndugu yangu ambaye hakuwahi kumgusa mke wangu hata mkono.

Tukaenda. Njiani Zaina alisimama mara kwa mara, mara kiatu, mara mtandio. Nikajua ana neno.

“Kulwa, tusikichukue.”

“Nini?”

“Hicho chungu. Tukiache kipite. Au tubadilishane zamu na mtu, upatu unaruhusu. Mimi na wewe twende tukalale.”

“Kulala gani?”

“Kulala tu. Usingizi wetu wenyewe. Kidogo kidogo, kila siku, kama walivyokuwa wakilala watu wa zamani.”

“Tuule usingizi wetu kama watu wasio na kesho? Zaina, nimejinyima miaka yote hii!”

“Tumejinyima.”

“Ndiyo, tumejinyima.”

“Doto ameamka na siku zako. Wewe utaamka na za nani? Utakapofumbua macho mimi nitakuwa nani kwako?” “Mali sina haja nayo. Nataka uamke ukinijua. Ni hilo tu. Ukiweza kuniapia hilo, twende.”

Sikuweza kumwapia. Ningeapa kwa nini, mtu nisiyekumbuka hata nilivyonunua kitanda? Tukaendelea kutembea. Nilijiambia mambo mengi. Nilijiambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Nilijiambia pia kwamba mbivu ikikaa sana inaoza, ila hilo sikulisema kwa sauti. Kugeuka nyuma wakati ule kungekuwa kukiri kwamba miaka yote ilikuwa tangawizi na mavumbi, na mimi sikuwa na ujasiri huo.

Uani kwa Bi Mwanamvua walikuwa wamekwisha kukusanyika. Wanawake wakapiga vigelegele tulipoingia. Chungu kilikuwa katikati, kimejaa mpaka kawa lilikuwa likiinuka na kushuka polepole, na waliokaa karibu nacho walikuwa wakijitahidi wasisinzie.

“Haya, mwanangu,” Bi Mwanamvua akasema. “Mikono miwili. Na ukishakaa huko Mikekani usitusahau, maana wenzio wote wametusahau.”

“Bi Mwanamvua,” nikamwuliza, “humu mna nani?”

“Mna sisi sote.”

“Mimi nimo?”

Akacheka mpaka akakohoa. “Mwenye zamu hajiwekei, baba! Ungejiwekea ingekuwa akiba, isingekuwa upatu. Usingizi wako wenzio walikwisha kuula zamani. Humu mna huyu, na huyu, na yule kilema wa pale kisimani, na mimi mwenyewe.” Akamwonyesha Zaina kwa kidevu. “Lakini karibu nusu nzima ni mkeo. Huyu mwanamke ana miayo mizito, sijaona. Wengine wanaleta upepo, yeye analeta mzigo.”

Nikamgeukia Zaina, na moyo wangu ukafunguka kwa furaha. Kwa nini sikulifikiria hilo? “Umesikia? Nusu ni wewe!” nikamwambia. “Nitaamka nimejaa wewe. Wengine nitawakumbuka juu juu, wewe nitakukumbuka kuliko wote. Sasa nakuapia, Zaina. Wallahi nakuapia. Nikifumbua macho wewe ndiye nitakayekujua kwanza.”

Akalifikiria. Niliona anapenda kuamini. Uso wake ukalegea, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Haya,” akasema, na haya ile haikuwa fupi.

Nyumbani tulikivua kitanda majamvi tuliyokifunikia. Kilikuwa kipya kabisa, bado kikinuka mbao. Zaina akatandika, akanikalisha, akanivua viatu, akanipangusa mavumbi miguuni kwa kitambaa chenye maji. Alizungumza kwa wepesi, kama msichana. Alisema nikiamka hatutahamia Mikekani upesi, tutakaa kwanza hapa hapa, mimi nyumbani mchana kutwa, naye amalizie zamu yake. Alisema anataka mtoto wa kwanza awe wa kike. Alisema atanipikia ugali wa moto, mchana. Mimi nilikuwa nikimsikiliza na kuona kwamba ninampenda, na kwamba ni ajabu kumpenda mtu huku hukumbuki ulianzaje.

“Nitakuwa hapa hapa kando,” akasema.

“Najua.”

Nikaondoa kawa, nikainamia chungu, nikavuta pumzi.

Kwanza walikuja wale wengine, kwa vurugu. Nilikuwa kilema pale kisimani nikingoja mtu wa kunitekea maji. Nilikuwa Bi Mwanamvua nikikaa na chungu ambacho sitakigusa, nikikiogopa na kukitamani. Nilikuwa mtu nisiyemjua aliyeficha kipande cha muwa. Tofali. Tofali. Nani ameweka tofali hili? Mimi. Mimi nani? Sogea, wengine wanapita. Wakapita. Halafu ukaja usingizi mmoja mrefu, mzito, mtamu wenye maumivu ndani yake, nikazama humo nikaacha kuuliza.

Niliamka nikiwa mzima. Sina neno jingine. Mwili ulikuwa umepoa, shingo nyepesi, macho yakiona rangi ambazo nilikuwa nimesahau kwamba zipo. Nilikuwa nimetajirika. Kwenye ukingo wa kitanda alikaa mwanamke mwenye macho mekundu, mikono ameibana katikati ya magoti, akinitazama bila kupepesa.

“Unanijua?” akaniuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

“Nakujua,” nikamwambia. Na ilikuwa kweli. Kiapo kilitimia. Nilimjua kwa namna ambayo hakuna mtu anayemjua mwingine. Nilijua meno yake ya nyuma yanavyouma akila kitu baridi. Nilijua alichomwambia mama yake kwa mara ya mwisho, na alichokosa kumwambia. Nilijua anavyojisikia akijitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani. Machozi yakamtoka, akacheka, akanishika mikono yote miwili.

“Alhamdulillahi,” akasema. “Alhamdulillahi. Sema basi. Unakumbuka nini?”

Nikakumbuka. Yote yalikuwa pale, safi, na ya kwangu. Nikamweleza jinsi ninavyofunika chakula kwa sahani, kinapoa, nakipasha, nakifunika tena. Jinsi ninavyoijua miguu yake kabla hajafika mlangoni, mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Anaingia na mavumbi ya tofali shingoni, ananywa maji akiwa amesimama, haketi, kwa kuwa akiketi atalala. Namwambia kaa kidogo. Ananiambia karibu tutapumzika, Zaina, vumilia, tumekaribia. Naiona shingo yake inatoka mlangoni. Shingo yake ndiyo ninayoijua zaidi ya uso wake. Nabaki na maneno ya kumwambia, nayaweka, nayaweka, nayatia kwenye kibuyu pamoja na mwayo.

Mwanamke yule alikuwa ameacha kucheka. Mikono yake ilikuwa bado katika yangu, lakini ilikuwa imepoa. Nilimhurumia, ingawa sikujua kwa nini ananitazama hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa na jambo moja tu moyoni, na lilikuwa likiniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia, uchungu wa miaka yote kwa pamoja, sasa kwa kuwa nilikuwa nimepumzika vya kutosha kuusikia. Nikatazama mlangoni. Jua lilikuwa palepale.

“Kulwa amerudi?” nikamwuliza.

Alinitazama uso wangu wote, taratibu, kuanzia paji mpaka kidevu, kana kwamba anatafuta mahali alipoweka kitu.

“Bado,” akasema. Akapanda kitandani, akakaa kando yangu, tukawa tunautazama mlango pamoja.